Meza ya Shemeji

Kwako kitinda mimba wetu, mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi sana kutoka kwa kaka yako mwenye meno kumi na moja. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe, mpwa wangu, na mumeo pia, ingawa habari zake nimezisikia na nitazifikia. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa kusimama. Goti la kushoto linanung'unika likiona ngazi, na kifua kinapiga filimbi kila asubuhi bila kuombwa, lakini chakula kinapita na usingizi unakuja. Ulimi, kama unavyojua, ndio kiungo pekee ambacho hakijazeeka.

Barua yako niliipokea Jumanne. Niliisoma mara ya kwanza bila miwani, nikafurahi kwamba wote mmenawiri. Nikaisoma tena na miwani, nikakuta kinyume chake. Unasema mumeo hashiki kitu. Anakaa kwenye kiti cha barazani kwa binti yenu tangu chai hadi chakula cha mchana, na kila asubuhi anakuita umtazame kama shati hakulivaa ndani nje. Ukimwambia liko sawa, haamini, anakwenda kumuuliza binti yake. Anasema kichwa kimeanza kumtoka, na mtu anayetokwa na kichwa asikabidhiwe hata ufunguo wa choo. Halafu unasema amekubali vifaa vyake viondolewe karakana, na kwamba mimi, kwa kuwa ni kaka na ni fundi mwenzake, nichague kwanza ninachokipenda, vitakavyobaki apewe yeyote.

Mdogo wangu, hujui ulichonifanyia kwa mstari ule mmoja. Lakini ngoja nikupe habari kwa mpangilio, maana nikianzia katikati utaniona chizi, na nikianzia mwisho hutaendelea kusoma.

Unakumbuka ni nani alimleta mumeo karakana? Ni mimi. Nilimkuta anabeba mabunda ya karatasi begani, jua linamchoma utosini, nikamwambia bwana we, ingia ndani, kazi ya kujalidi vitabu ina kivuli. Akaingia. Mwaka wa kwanza akajifunza gundi. Mwaka wa pili akajifunza kushona. Mwaka wa tatu akajifunza njia ya kuja kwetu, eti anamletea kaka mtu miwani aliyoisahau kazini, na mimi bwege nikawa nasahau miwani kila Ijumaa nikidhani nimepata mtu wa kunitunza. Mwaka wa nne akakuoa. Mwaka wa tano Mama Funguo, mwenye karakana, akampa meza ya dirishani.

Kuolewa kwako nilikusamehe. Meza sikuisamehe.

Wewe umefika karakana mara mbili tu, tena ukiwa na haraka, kwa hiyo nikueleze. Meza ile ni ya mti mzito, juu yake pamelainika kama shavu kwa kusuguliwa na viwiko vya mafundi waliotutangulia. Droo yake ya kushoto inafunguka bila ugomvi. Mwanga unaingia kutoka kushoto na kuiangukia sindano mpaka alasiri, huhitaji taa wala kukunja uso. Na dirisha lenyewe linatazama barabara yote: duka la dawa na foleni yake, fundi cherehani wa ng'ambo na mdomo wake, wanafunzi, wagonjwa, wapenzi waliogombana. Kila anayepita anainamisha kichwa na kusema, habari ya kazi fundi. Mumeo anajibu nzuri, bila hata kuinua macho, kama mtu aliyezaliwa akisalimiwa.

Mimi meza yangu iko nyuma ya mlango, pamoja na sufuria ya gundi na mashine ya kubania vitabu. Kila anayeingia, mlango unanigonga mgongoni. Anasema samahani mzee, anakwenda moja kwa moja dirishani kwa Bwana Mstari. Ndivyo walivyokuwa wakimwita mumeo, Bwana Mstari, kwa sababu anashona mstari ambao ukiuwekea rula, rula ndiyo inaonekana imepinda. Mimi waliniita Gundi. Miaka ishirini na sita, dada. Ungeitwa Gundi miaka ishirini na sita, hata wewe ungeshikwa na kitu.

Nilimwonea wivu kwa vyote, sikuchagua. Meno yake, thelathini na mawili yote, kana kwamba yuko kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Viatu vyake visivyoisha soli upande mmoja. Mfupa wake wa kukunjia karatasi, ule mweupe wenye kijishimo cha kidole gumba. Hata kikohozi chake, maana anakohoa mara moja tu, kwa heshima, na kinakwisha. Mimi nikianza kukohoa watu wanatafuta maji. Wewe ulikuwa unaniletea chakula Jumapili na kuniambia, kaka, mume wangu anakusifu sana. Ndiyo iliyokuwa inaniua. Mtu unayemchukia kidogo akikusifu, huna pa kuiweka ile chuki.

Sasa kuna desturi yetu moja lazima uijue. Haikuwekwa na Mama Funguo, tuliiweka sisi wawili. Kitabu kikishashonwa, hakipakwi gundi mgongoni mpaka mwenzako akifungue ukurasa kwa ukurasa, kutoka jalada hadi jalada. Aliyeshona anauliza, "Macho?" Anayekagua akiridhika anasema, "Pita." Baada ya hapo ni gundi, na baada ya gundi hakuna kurudi nyuma ila kwa kisu.

Miezi mitatu iliyopita alikuja mtawa wa dini ya Buddha, mzee mwenye kichwa kilichonyolewa kikang'aa na shuka la rangi ya udongo, amekumbatia bunda kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Yalikuwa maandishi ya mwalimu wake, marehemu, yaliyoandikwa kwa mkono kwa miaka mingi, na nakala ilikuwa hiyo moja tu chini ya jua. Humo mwalimu alikuwa anafafanua maneno ya Kipali, lugha ya vitabu vyao vya kale. Baadhi ya kurasa zilikuwa kwa Kiswahili, nyingine kwa herufi za duara duara, kama shanga zilizokatika uzi zikamwagika. Mama Funguo akampa mumeo kazi. Nani mwingine?

Kilichotokea unakijua kwa upande wa nyumbani. Kwa upande wa karakana kilikuwa hivi. Wiki moja baada ya kukichukua, mtawa alikirudisha. Hakupiga kelele. Alikifungua katikati, juu ya kaunta, akasema kwa upole kwamba samahani, hapa naona kurasa kumi na sita zimesimama kwa kichwa. Kweli, fungu zima lilikuwa limeshonwa juu chini. Kelele alizipiga Mama Funguo, na funguo zake zote zikamwitikia kiunoni. Alisema mzee wa watu katuletea roho ya mwalimu wake, nasi tumemrudishia imepinduliwa kama ndoo. Akauliza ni nani aliyeshona, ingawa alijua. Mumeo akasimama, akasema ni yeye. Akavua aproni, akaikunja mara nne, kingo kwa kingo, akaiweka juu ya meza, akasema mtu wa kufanya kosa hili hafai kushika sindano tena. Mama Funguo alimwambia akae, asijitie wazimu, kosa moja katika miaka yote hiyo. Hakukaa. Ndiyo siku ile aliyorudi kwako saa tano asubuhi ukadhani anaumwa. Mwezi haukuisha mkafunga mizigo mkaenda kwa binti yenu.

Na mimi Jumatatu iliyofuata nikahamia dirishani.

Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Siku tatu nilikaa pale kama waziri aliyeapishwa jana. Niliifungua na kuifunga ile droo bila sababu. Niliacha mwanga uniangukie mkononi nikautazama tu. Lakini kila aliyepita alichungulia, akasema habari ya kazi, akasita, akauliza, yule fundi yuko wapi? Fundi cherehani wa ng'ambo yeye hakuuliza, alikuja akaegemea dirisha, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Naona hili dirisha limezeeka ghafla." Nikamwambia dirisha halizeeki, ni macho yake. Akasema macho yake ni mazima, ndiyo maana amesikitika.

Basi fikiria. Nimeikalia meza ya mtu, yeye yuko mbali hana hata sindano, na bado ninamwonea wivu.

Wiki mbili zilizopita mtawa akarudi, kitabu chake kwapani. Nikadhani amekuja ili kitabu kitengenezwe, nikanyoosha mkono nikamwambia kilete baba, nakifumua sasa hivi. Akakataa. Alisema angependa kifumuliwe na yule yule aliyekishona, kwa sababu mkono ule alikuwa ameuangalia ukifanya kazi na aliupenda. Nikamwambia mkono ule umestaafu. Akasema atasubiri. Akaenda kukaa kwenye kiti changu cha zamani nyuma ya mlango, mlango ukamgonga mara mbili, na mara zote mbili aliuomba mlango radhi.

Nikamchokoza, unanijua. Nikamwambia, mwenzetu wewe una shuka na bakuli tu, hakika huna cha kutamani duniani. Akacheka mpaka kichwa kikang'aa zaidi. Akasema msimu mmoja wa mvua aliutamani mwavuli wa mtawa mwenzake kwa wiki sita, tena mwenzake huyo alikuwa anamfunika nao. Halafu akanipa neno: abhijjha. Ukilitamka ni kama chafya uliyoiwahi kabla haijatoka. Akasema wao wana hesabu ya matendo mabaya kumi: matatu ya mwili, manne ya mdomo, matatu ya moyo. Nikaanza kujipima kwa vidole. Kuua sijaua, ila mende. Akasema ya mende tutazungumza siku nyingine. Kuiba sijaiba. La tatu ni la wanawake wa watu, nikamwambia hapo umri umenisaidia. Tukafika ya mdomo, uongo, uchonganishi, matusi na maneno ya ovyo, nikamwomba tupite haraka maana gundi inakauka. Ndipo tukafika ya moyo, na la kwanza mlangoni ni hilo, abhijjha.

Nikamwambia tamaa kila mtu anayo. Akasema siyo tamaa yoyote tu. Ukiona shati la mwenzako ukasema ni zuri, bado hujafika. Hata ukitaka na wewe upate la kwako kama lile, bado. Abhijjha inakamilika pale moyo unapomvua mwenyewe lile lile alilolivaa, ukasema, laiti hili lingekuwa langu. Mkono haujanyooka, mguu haujasogea, lakini ndani mwizi ameshafika nyumbani na anapumzika. Nikamuuliza, na kama mkono haukugusa kitu kabisa, inahesabiwa? Akasema inahesabiwa kwa moyo. Kisha akasema kwamba kinachofuata baadaye kwa kawaida huwa ni kitu kidogo tu, kidogo kiasi kwamba mtu hajui kuwa amekifanya.

Nilimwambia nina kazi. Nikainamia meza nikawa nashona hewa.

Siku nne baadaye barua yako ikafika. Humo umeandika: kaka, chagua unachokipenda.

Dada, sasa kaa chini. Kama umesimama jikoni, zima moto kwanza.

Siku ile mumeo alipomaliza kushona kitabu cha mtawa, aliniletea kama kawaida, akauliza, "Macho?" Nikafuta mikono, nikaanza kufungua. Kila kitu sawa, mstari wake ule ule wa kukera. Nikafika katikati, kwenye zile herufi za duara. Yeye hawezi kuzisoma wala mimi siwezi; ukizipindua, kwetu ni shanga zile zile. Kwa hiyo usimlaumu, hakuwa na namna ya kujua. Lakini pembeni ya ukurasa mmoja, kwa penseli, mwalimu alikuwa ameandika maneno machache ya Kiswahili, madogo kama sisimizi. Na mimi unajua ugonjwa wangu. Shule niliiacha darasa la tano, elimu iliyobaki nimeiokota kwenye vitabu ninavyopaka gundi, kurasa nne nne, ndiyo maana najua vita vingi vilivyoanza na sijui ni nani aliyeshinda. Siwezi kuona maandishi nikayaacha. Nikapinda shingo mpaka sikio likagusa bega, nikayasoma. Yalisema: Abhijjha. Kukitazama cha mwenzako na kusema moyoni, laiti kingekuwa changu.

Ndiyo. Neno lile mtawa hakunifundisha. Nilikuwa nalijua siku nyingi, nikajifanya ninalisikia upya.

Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba kuna mtu aliyekufa ananijua vizuri. La pili, kwamba nimepinda shingo ili nisome, na kwa hiyo kurasa hizi ziko juu chini. Nikainua macho. Mumeo alikuwa amekaa kwenye ile meza, mgongo wake kwenye jua, anaweka uzi kwenye sindano ya kitabu kinachofuata, ameniamini kabisa. Nikasema, "Pita."

Ningependa kukuambia kwamba mkono wangu haukugusa kitu. Lakini gundi ni kazi yangu. Niliipaka mwenyewe, nikaipaka vizuri kuliko siku zote, nikakibana kitabu kwenye mashine, nikaenda kunywa chai. Na chai niliimaliza.

Bado haijaisha. Siku ya kelele, Mama Funguo aliuliza na swali la pili: ni nani aliyekagua? Mumeo akajibu kwamba alikuwa na haraka, hakumpa mtu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na ulimi huu nilioutajia sifa haukusogea. Alipokuwa anatoka alinipitia nyuma ya mlango, akaniinamia, akanong'ona, "Shemeji, mimi nina binti wa kunipokea. Wewe una mlango huu tu. Kaa." Alidhani macho yangu yamezeeka, nisiaibike. Alinifunika, dada, kama yule mwenye mwavuli. Mimi nikamwacha aende zake akiamini kwamba kichwa kinamtoka, kwa sababu ya meza.

Kichwa chake ni kizima. Msomee sentensi hiyo kwa sauti, halafu uirudie tena. Alifanya kosa ambalo yeyote angelifanya, na aliyewekwa pale kuliona aliliona.

Leo asubuhi nilimweleza Mama Funguo yote. Akazifungua funguo zake kiunoni, akazilaza juu ya kaunta. Kisha akasema hatanifukuza, kwa sababu kunifukuza ni kunipumzisha. Nimerudi kwenye gundi, na barua hii naiandikia juu ya mapaja, huku mlango unanigonga. Mtawa naye nilimwambia. Hakunihubiria. Aliniachia kitabu, akasema kimfuate fundi huko aliko.

Kwa hiyo sanduku hili ninalolituma pamoja na barua lina vifaa vya mumeo vyote, sindano, nta, uzi, visu na ule mfupa. Mfupa niliutoa sandukuni mara mbili, na mara mbili nimeurudisha, hakikisha umo. Mimi sikuchagua kitu. Na chini kabisa, ndani ya kitambaa, kuna kitabu. Mwambie akifumue taratibu, gundi ni ya kwangu na inashika. Wewe ukitaka kunitukana, usijibane. Mpwa wangu akitaka naye, mwachie nafasi kwenye karatasi. Nikipata barua yenye matusi tupu nitashukuru, kuliko kukaa bila barua.

Mwambie pia kwamba meza iko wazi. Mama Funguo ameapa hataikalia mtu mpaka jibu lake lije. Na kama atasema hataki tena kurudi, umri umekwenda, safari ni ndefu, basi si vizuri meza nzuri kama ile ikae na vumbi, itabidi mtu mzima mwenye uzoefu...

Umeona? Wino haujakauka, na mimi moyoni nimeshaikalia. Mwambie arudi, dada. Mwambie arudi upesi.

Nisalimie mpwa wangu. Mumeo sijui nimsalimie kwa neno gani, kwa hiyo chagua wewe.

Ni mimi kaka yako, kama bado unanihesabu.